PAKAVU SI PATUPU

Hotuba juu ya viumbe wa madimbwi ya Unguja, iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mji Mkongwe

(Wanachama waliokosa nafasi ya kuhudhuria wametuomba tuichape hotuba hii. Twaitoa hapa kama ilivyosomwa. – Mhariri)



Katibu wetu aliponiuliza nitasema juu ya jambo gani, nami nikamjibu, "Juu ya dimbwi," alicheka, akadhani nafanya mzaha. Hotuba za Chama hiki, kama mjuavyo, aghalabu huwa juu ya mishahara, pensheni, elimu ya watoto wetu na adabu ya kazi. Naomba mnistahimilie. Natumaini kabla sijamaliza mtaona ya kuwa dimbwi nalo lina uhusiano na kalamu zetu, tena uhusiano mkubwa kuliko tudhanivyo.

Kwanza yanipasa kukiri kosa langu. Zaidi ya miaka 30 iliyopita nilikuwa karani kijana katika ofisi moja ambayo haina haja ya kutajwa. Kazi yangu ilikuwa kupokea maombi ya viwanja, kuyaandika daftarini na kupiga taipu majibu. Siku moja, katikati ya kiangazi, likaja jalada la kiwanja cha shamba, mahali nilipopajua vizuri kwa kuwa nilizaliwa karibu napo. Mkaguzi alikuwa amekwenda, akatazama, akaandika maneno matatu: "Bonde kavu, patupu."

Mimi nilijua ya kuwa bonde lile huwa dimbwi kila masika. Utotoni tulikuwa tukivua pale samaki wadogo wenye mikia myekundu kwa kipande cha kanga kuukuu, tukawatia katika kifuu cha nazi, tukawatazama hata jua likachwa. Nilijua, wala sikusema neno. Nilikuwa mdogo wa cheo, na jalada lilikuwa limekwisha tiwa saini na wakubwa. Nikapiga taipu barua bila kosa la herufi moja, nikaona fahari kwa usafi wake.

Bonde likafukiwa kwa kifusi, nyumba zikajengwa. Mwaka wa tatu masika ikawa kubwa. Maji yakarudi kutafuta mahali pake pa zamani, yakawakuta watu wamelala. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Lakini magodoro, unga, cherehani ya mjane mmoja na vitabu vya watoto wa shule vyote viliharibika. Na wale samaki wenye mikia myekundu sikuwaona tena mahali pale mpaka leo.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: je, mahali pakiwa pakavu, ndiyo kusema ni patupu? Haya nitakayosema ni jibu nililolipata kwa kuuliza, kusoma na kutazama.

MJI ULIOMO NDANI YA BILAURI

Tuanze na maji yenyewe. Mtu akichota maji ya dimbwi kwa bilauri ya kioo, akayainua mbele ya mwanga wa asubuhi, ataona vitone vyeupe vinavyoruka-ruka, na vingine vinavyoteleza kama vumbi lenye akili. Hao ni wenyeji wa maji. Wataalamu huwaita planktoni, jina lililotungwa na Mjerumani Victor Hensen katika mwaka wa 1887 kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kutangatanga. Jina hilo lawafaa, kwa maana viumbe hawa hawana nguvu ya kushindana na mkondo. Huchukuliwa na maji kama jahazi lililoshusha tanga.

Wako wa jamii mbili kubwa. Jamii ya kwanza ni ya mimea. Kila mmea ni chembe moja au mnyororo wa chembe chache, mdogo hata jicho halimwoni ila kwa darubini ya kukuzia vitu. Tuonapo dimbwi limegeuka kijani, rangi ile ni mimea hii kwa maelfu na maelfu. Kazi yake ni ile ile ya mpunga na mwembe: hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, na mchana huyatia maji hewa safi ambayo samaki huivuta.

Jamii ya pili ni ya wanyama wanaolisha katika malisho hayo. Wako rotifa, wadogo kabisa, ambao vinywani wana nywele zinazozunguka kama gurudumu na kuvuta chakula ndani. Wako viroboto vya maji, ambao si viroboto wenye kuuma; ni jamaa wa kamba, na huyachuja maji mchana na usiku. Wako kopepodi waendao kwa kurukaruka, wengine wana jicho moja tu katikati ya kichwa. Wako na ostrakodi waliofungwa ndani ya magamba mawili kama chaza, lakini chaza asiyezidi chembe ya mtama. Hawa huliwa na wadudu wa maji na samaki wadogo; na samaki huliwa na kulastara na yangeyange tuwaonao wamesimama kandokando kama makarani wanaongoja saa ya kufungwa ofisi.

Mchana wengi wa wanyama hawa hushuka chini penye kivuli, wakimkimbia samaki ambaye huwinda kwa macho. Usiku hupanda juu kula. Ni kama watu wa mji huu, ambao jua likiwa kali hujifungia ndani, kisha magharibi ikipita hutoka wote kwenda Forodhani.

Sasa, tazameni namna walivyofungamana. Watu wakitupa takataka au mbolea nyingi ikiingia majini, mimea ya kijani huzidi kipimo, viroboto na rotifa wasiweze kuimaliza. Maji huwa mazito kama uji. Usiku mimea nayo huvuta hewa ile ile, na vitu vinavyooza huivuta zaidi. Alfajiri utawaona samaki wamekuja juu wakitweta, vinywa wazi. Mpita njia husema, "Dimbwi limelaaniwa." Hasha! Hesabu yake ndiyo iliyoharibiwa: mapato yamezidi, na wa kuyatumia hawatoshi.

MGENI ALIYEKUJA KUTAZAMA MADIMBWI YETU

Labda mtu atasema mambo haya ni ya nchi za mbali. La. Katika mwaka wa 1888, yaani mwaka mmoja tu baada ya neno planktoni kutungwa, alifika Unguja mtaalamu kijana wa Kijerumani, Franz Stuhlmann. Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Berlin kilikuwa kimemsaidia kwa safari ya kuchunguza wanyama wa maji baridi wa Afrika ya Mashariki. Wakati ule bandari yetu ilijaa wageni waliokuja kwa karafuu, pembe na siasa. Huyu alikuja pia kwa ajili ya madimbwi, akawa akichota maji na kuyatia katika chupa. Baadaye, katika mwaka wa 1890, alikwenda bara pamoja na Emin Pasha, na huko ndiko jina lake lilikovuma. Lakini chupa zake zilikuwa zimekwisha pelekwa Ulaya, na wataalamu wakakaa kuzisoma.

Mmoja wao, Vávra, aliandika katika mwaka wa 1895 habari za ostrakodi wa maji baridi waliookotwa na Stuhlmann hapa Unguja. Mwingine, Georg Pfeffer wa Hamburg, katika mwaka wa 1893 alimwandika samaki mdogo aliyemwona ni mpya kwa elimu, akampa jina la heshima ya Albert Günther, mkuu wa elimu ya samaki huko London. Jina lake la kitaalamu ni Nothobranchius guentheri.

Urefu wake ni kama kidole cha mkono. Jike ni wa rangi ya udongo, hana la kutazamwa. Dume mwili wake ni wa samawati yenye kijani, magamba yametiwa nakshi nyekundu, na mkia wake ni mwekundu. Nilipoiona picha yake kitabuni nilishtuka. Alikuwa ni yule yule wa kifuu cha nazi.

Mabwana, samaki huyu asili yake ni kisiwa hiki cha Unguja peke yake. Kima punju wa Jozani twamjua. Wageni hulipa fedha kumwona, na katika mwaka wa 2004 msitu wake na Ghuba ya Chwaka vilifanywa Hifadhi ya Taifa. Samaki huyu naye ni mwenyeji wetu vile vile, lakini hana msitu wala mlinzi. Ana bonde linalokauka, ambalo karani amepiga taipu kwamba ni patupu.

DAFTARI LILILOMO TOPENI

Je, samaki aweza kukaa namna gani mahali panapokauka? Hapa ndipo penye ajabu, na hapa ndipo lilipo jibu la swali langu.

Samaki huyu maisha yake hayana urefu. Hata akitunzwa vizuri katika vyombo vya kioo, haishi ila mwaka mmoja au zaidi kidogo. Na katika dimbwi, kiangazi humwahi. Basi hana muda wa kupoteza. Akianguliwa, hula planktoni na viluwiluwi vya mbu, na baada ya majuma machache amekwisha kuwa mkubwa. Kila siku jike hutaga mayai machache na kuyazika katika tope. Kisha jua hupiga, maji hupungua, na samaki wote hufa. Habaki baba wala mama.

Lakini mayai yamo. Ndani ya tope lililopasuka-pasuka kwa jua, mtoto aliyemo ndani ya yai husimamisha kukua kwake, akangoja. Mvua ikija, tope likalowa, huangua na kuanza upya. Wala hayaangui yote pamoja. Mengine huangua kwa mvua ya kwanza. Mengine huendelea kulala. Maana mvua ya kwanza yaweza kuwa ya uongo, ikajaza dimbwi siku tatu kisha likakauka. Mfanyabiashara mwenye busara hapakii karafuu zake zote katika jahazi moja, na samaki huyu kadhalika.

Wala hayuko peke yake. Viroboto vya maji hutaga mayai ya namna maalumu yaliyofungwa kama ndani ya mkoba, yakingoja topeni. Kopepodi wengine hulala wenyewe. Ostrakodi huacha mayai yanayostahimili ukavu. Habari za rotifa zajulikana zamani: katika mwaka wa 1702 Antonie van Leeuwenhoek wa Uholanzi alichukua vumbi kavu la mfereji wa paa, akalitia maji, akaona viumbe wanaamka na kuogelea. Na katika mwaka wa 2021 wataalamu wa Urusi walieleza kwamba wamewaamsha rotifa kutoka katika ardhi ya barafu ya Siberia, waliokuwa wamelala kwa muda wa miaka kama 24,000.

Basi tope la dimbwi ni kama daftari la amana katika benki. Kila masika wenye amana huweka. Kila kiangazi benki hufungwa. Na mlango ukiwa umefungwa hausemi kwamba ndani hamna kitu. Mtu akilifukia dimbwi wakati wa kiangazi huona moyo wake safi, kwa kuwa hakuona kitu kikifa. Kumbe amelizika daftari zima chini ya kifusi, mahali ambapo maji na mwanga havitalifikia.

Nitawaambia na jambo lingine litakalowachekesha makarani wa Posta. Huko Ulaya na Marekani wako watu wapendao kufuga samaki wa namna hii. Kwa kuwa mayai yastahimili kukaa nje ya maji, huyatia katika mboji yenye unyevu, wakayafunga vizuri na kupelekeana kwa posta. Tena tangu miaka ya 1970 wataalamu wa Marekani wamemtumia samaki wetu huyu kuchunguza uzee, kwa sababu huzeeka upesi mbele ya macho yao. Basi mtu aliyeko mji wa mbali, ambaye hajaiona Unguja, aweza kumpata samaki wa Unguja ndani ya bahasha. Na sisi tulio nyumbani kwake twamwaga kifusi juu ya kitanda chake.

KWA NINI WAWE WENGI NAMNA HII

Katika mwaka wa 1961 mtaalamu mmoja, G. Evelyn Hutchinson, aliyekuwa amefundisha Johannesburg kabla ya kwenda Marekani katika mwaka wa 1928, aliuliza swali ambalo hata leo wanafunzi huulizwa. Alisema hivi: ikiwa mimea hii ya majini yote yataka mwanga ule ule na chumvi zile zile za ardhi, katika maji yale yale, kwa nini aliye hodari hakuwashinda wengine wote akabaki peke yake? Mbona katika tone moja mna namna nyingi?

Jibu mojawapo alilotoa ni hili: maji hayatulii muda wa kutosha. Yule aliye hodari leo, kabla hajakamilisha ushindi wake, hali hugeuka na mwingine akapata zamu. Nasi watu wa Unguja twalifahamu jambo hili bila darubini. Masika huleta maji mengi na baridi, kipupwe huyapunguza, vuli huyarudisha kidogo, kiangazi huyakausha. Kila msimu huwa na mtu wake, kama tusemavyo, usidharau dafu, embe ni tunda la msimu. Dimbwi letu lina utajiri kwa sababu hiyo hiyo ya kugeukageuka. Kukauka kwake si ugonjwa wala si upungufu. Ndiyo kawaida ya maisha yake.

WAHALIFU WALIOMO MJINI

Haifai, Bwana Mwenyekiti, niwasifie dimbwi kama kwamba halina ubaya. Katika mji huu wa maji wamo na wahalifu, na mkubwa wao ni mdudu wa kichocho.

Wengi wetu tulikojoa damu utotoni, na wengine walidhani ni dalili ya kubaleghe. Mwendo wa ugonjwa ni huu. Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya mdudu huangua na kutoa mtoto aogeleaye, ambaye ana saa chache tu za kumtafuta konokono. Akimpata huingia, akaongezeka ndani yake. Na baada ya majuma kadhaa hutoka watoto wengine kwa maelfu, wakaelea pamoja na planktoni, wakitafuta ngozi ya mtu. Wasipoipata kwa siku moja au mbili hufa. Mama afuaye, kijana aogaye, mkulima apandaye mpunga, hao ndio wanaopatwa.

Basi watu wengi wakasema: konokono wote na wauawe, na dimbwi lifukiwe. Twasema samaki mmoja akioza wameoza wote. Walakini kwa konokono hukumu hii haifai. Kaskazini na kati ya Unguja yuko konokono aitwaye Bulinus globosus, ndiye ampokeaye mdudu wa kichocho. Kusini yuko ndugu yake, Bulinus nasutus. Wanafanana hata mtu asiye na ujuzi hawezi kuwatenga. Wataalamu waliwatenga kwa kuchunguza chembe za urithi, wakaona ya kuwa hapa kwetu huyu wa kusini hampokei mdudu huyo. Hii ndiyo sababu kubwa ya vijiji vya kusini kusalimika, wakati vya kaskazini vilipoteseka. Ndugu wawili, sura moja, nyumba za jirani. Mmoja ana hatia, mwingine hana. Hakimu asiyetazama angewafunga wote.

Kuanzia mwaka wa 2012 hata 2017 Serikali ya Zanzibar na wataalamu wa nchi mbalimbali walifanya kazi kubwa ya kuukomesha ugonjwa huu katika shehia 45 za Unguja na 45 za Pemba. Watu walipewa dawa ya prazikwanteli mara mbili kwa mwaka. Katika shehia nyingine maji yalitiwa dawa ya kuua konokono, iitwayo niklosamaidi. Na katika nyingine watu walifundishwa, wakajengewa mahali pa kufulia mbali na maji yenye hatari. Ugonjwa ulipungua sana, walakini haukung'oka. Viko vijiji ambavyo moto wake hauzimiki upesi.

Niklosamaidi haina madhara makubwa kwa mtu kwa kipimo kile kinachotumika, na kwa jua huisha nguvu baada ya siku chache. Lakini haichagui: huua konokono, huua na samaki, na viluwiluwi vya chura. Kwa hiyo wenye kazi ile hawakumwaga ovyo. Walitafuta kwanza mahali watu wanapoingia majini na palipo na yule konokono mwenye hatia, ndipo wakatia dawa. Hii ni njia ya haki: kumshika mhalifu bila kuuchoma mji. Afya ya mtoto ni kubwa kuliko samaki, na sitaki mtu yeyote atoke hapa akidhani nasema kinyume. Nasema tu kwamba ajuaye humponya mtoto na samaki akabaki. Asiyejua huwapoteza wote wawili.

Na mbu je? Hapa pana somo la Makunduchi. Zamani matende na mabusha yaliwatesa watu wa huko, na mbu aliyeyachukua hakuwa akizaliwa katika madimbwi ya mashamba, bali katika mashimo ya vyoo yenye maji. Kwa nini humo? Kwa sababu maji yale ni machafu na hayana samaki wala mdudu wa maji wa kula viluwiluwi. Ni mji usio na askari. Katika mwaka wa 1988 wataalamu walitandaza juu ya maji yale chembe nyepesi nyeupe za plastiki, zikaelea kama blanketi, viluwiluwi visipate kuvuta hewa; na watu wakapewa dawa. Mbu wakapungua sana, na ugonjwa ukashuka. Hakuna dimbwi hata moja lililofukiwa kwa kazi ile. Waliuliza kwanza mbu huyu azaliwa wapi, ndipo wakaenda mahali penyewe. Najua ya kuwa mbu wa malaria yeye hupenda vidimbwi vidogo vipya, hata vya nyayo za ng'ombe, ambavyo walaji wake bado hawajafika. Hao nao wana dawa yao. Lakini dimbwi la zamani lililojaa samaki na wadudu si la kulaumiwa kwa kila mbu aumaye.

WAJIBU WETU

Sasa narudi kwenye kalamu. Sisi tuliomo humu hatushiki majembe wala hatuendeshi magari ya kifusi. Lakini hakuna gari liendalo bila karatasi, na karatasi hupita mikononi mwetu. Kwa hiyo nina mambo manne ya kuwaomba.

Kwanza, jalada la ardhi likija mbele yako, tazama tarehe ya ukaguzi. Mahali palipotazamwa Januari hapajatazamwa. Muulize sheha, waulize wazee: masika huwaje hapa? Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Na ukiwa mdogo wa cheo na unajua jambo ambalo jalada halilijui, liandike kwa adabu pembeni ya karatasi. Mimi sikuandika, na mjane alipoteza cherehani.

Pili, tusifanye dimbwi kuwa jaa, na tusilete samaki wa kigeni ndani yake kwa nia njema. Sangara alipotiwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960 alileta biashara, lakini namna nyingi za furu wa ziwa lile zilitoweka. Kama ziwa kubwa namna ile liligeuka, dimbwi la pishi chache litastahimili nini?

Tatu, tusiogope dimbwi wala tusilizoee ovyo. Watoto wasioge wala kukojoa humo. Dawa ya kichocho ikigawiwa shuleni au kwa sheha, watu wote wameze. Na dawa ya kutiwa majini isitiwe ila kwa amri ya wajuao, mahali walipopaonyesha.

Nne, tuwaonyeshe watoto wetu. Kazi hii haina gharama. Mzazi achukue tope kavu la dimbwi kama kibaba kimoja, alitie katika beseni, na aoshe mikono. Amwagie maji ya mvua, aliweke penye mwanga, mbali na chakula. Baada ya siku chache mtoto ataona vitone vinaanza kurukaruka mahali ambapo juzi palikuwa na vumbi. Mtoto aliyeona jambo hilo hatasema tena kwamba pakavu ni patupu.

Masika iliyopita nilikwenda shamba pamoja na mjukuu wangu. Bonde letu la zamani limejaa nyumba, lakini mbele yake kidogo kuna dimbwi lingine dogo ambalo bado hakuna mtu aliyeliombea kiwanja. Tukavua kwa kanga, kama zamani, nasi tumesimama ukingoni bila kuingia majini. Mara ya nne kanga ikapanda na dume mmoja, mkia mwekundu kama basibasi ndani ya kungumanga lililopasuka. Mtoto akauliza, "Babu, huyu alikuwa wapi wakati wa kiangazi?" Nikamwambia, "Alikuwa papa hapa, chini ya miguu yetu." Tukamrudisha majini.

Nimekwisha jifunza namna jalada lile lingeandikwa, na hilo ndilo ninalotaka mchukue kwenda nalo ofisini kesho. Lingeandikwa hivi: "Bonde. Kwa sasa ni kavu. Masika huwa dimbwi. Lina wenyewe."